Bootstrap, Tailwind au CSS ya mkono? Kabla hujajenga tovuti Mbeya au Iringa, angalia simu ya mteja

Januari 2026 kampuni ya Tailwind Labs iliwaachisha kazi wahandisi watatu kati ya wanne iliokuwa nao. Mwanzilishi wake, Adam Wathan, hakuficha sababu: akili mnemba imekata mapato. Watengeneza tovuti hawafungui kurasa za maelezo za Tailwind kama zamani, na huko ndiko kampuni ilikokuwa inauzia bidhaa zake za kulipia. Wanaiuliza ChatGPT na wenzake, wanapewa msimbo, wanabandika, kazi imeisha.

Cha kushangaza, Tailwind yenyewe inatumika kuliko wakati wowote. Yaani kampuni inayumba huku kazi yake ikizidi kuenea.

Habari hii inaonekana ya mbali ukiwa umesimama Kabwe unasubiri gari. Ila inatugusa. Kijana wa MUST jijini Mbeya, au wa Chuo Kikuu cha Iringa, akipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya shule au ya gesti, siku hizi haanzi na karatasi na kalamu. Anaanza kwa kuuliza akili mnemba, na jibu linalokuja mara nyingi limeandikwa kwa Tailwind. Hajachagua. Mwenye gesti naye hajachagua. Imetokea tu.

Sasa swali ni hili: ukurasa huo utafunguka kwenye simu ya nani?

Kwanza tuelewane maneno

HTML ndiyo mwili wa ukurasa: maandishi, picha, vitufe. CSS ni nguo. Ndiyo inayosema kichwa cha habari kiwe na rangi gani, picha zikae pembeni au zishuke chini, kitufe kiwe kikubwa kiasi gani. Ukurasa usio na CSS unasomeka, lakini umekuja uchi.

Fremuweki ya CSS ni nguo zilizoshonwa tayari. Badala ya kuandika kila kitu mwenyewe, unachukua za wengine unazivalisha ukurasa wako.

Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala iliyotoa jina kwa wazo la tovuti inayojipanga yenyewe kulingana na upana wa kioo. Mwaka uliofuata, Agosti 2011, wafanyakazi wawili wa Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton, walitoa Bootstrap bure kwa dunia nzima. Toleo la 3 la mwaka 2013 ndilo lililogeuza mambo: likaanza na simu, kisha likapanda kwenda kompyuta. Tailwind ya Wathan ilikuja 2017.

Tofauti yao ni rahisi. Bootstrap inakupa kitufe kizima: unaandika maneno machache na kitufe kimekuja na rangi na kona zake. Ndiyo maana tovuti nyingi za Bootstrap zinafanana kama sare za shule. Tailwind inakupa vipande: rangi hii, nafasi hii, ukubwa huu, unaviunga mwenyewe. Tovuti inakuwa na sura yake, lakini msimbo unajaa maneno kama orodha ya vitu vya harusi.

Zipo nyingine. Foundation ya kampuni ya ZURB ilikuwa mpinzani mkubwa wa Bootstrap enzi hizo, leo huisikii sana. Bulma ni nzuri na haina JavaScript ndani yake. Tuziache hapo, kwa sababu kwa mtu anayejenga tovuti leo ubishi ni wa hizi mbili.

Toleo la 4 na simu ya zamani

Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Januari 2025 Tailwind ilitoa toleo la 4. Ni la kasi, ni zuri, na lina masharti. Linataka Chrome toleo la 111 au zaidi, Safari 16.4 au zaidi, Firefox 128 au zaidi. Bootstrap 5.3, kwa upande wake, inaridhika na Chrome 60, Firefox 60 na Safari 12.

Namba hizo zina maana gani Mwanjelwa? Simu yenye Android 5 haiwezi kupata Chrome zaidi ya toleo la 95. Yenye Android 6 inaishia 106. Android 7 inaishia 119. Android 8 na 9 zimeishia 138 mwaka 2025. Kwa hiyo mwenye Android 7 na kuendelea yuko salama, ilimradi amesasisha Chrome yake. Mwenye Android 6 kurudi nyuma hayuko salama.

Na haiharibiki kwa namna moja. Kwenye Chrome ya 95, Tailwind 4 inakataliwa karibu yote. Sababu ni kwamba sheria zake zimefungwa ndani ya kitu kinachoitwa tabaka, ambacho Chrome ilianza kukielewa toleo la 99. Ukurasa unakuja uchi. Mbaya, lakini angalau mtu anaona kuna tatizo.

Kwenye Chrome ya 106 ni hatari zaidi. Mpangilio unakuja, rangi haziji. Tailwind 4 inaandika rangi zake kwa mfumo mpya wa oklch, na kivinjari hicho hakiujui. Sasa fikiria kitufe cha kijani chenye maandishi meupe: "Piga simu kuagiza". Kijani kinatoweka, maandishi meupe yanabaki juu ya weupe. Kitufe kipo, ukikigusa kinafanya kazi, ila hukioni. Mteja anashusha ukurasa mpaka chini, haoni pa kupigia, anaondoka. Mwenye duka hatajua kamwe kwamba huyo mteja alikuja.

Utasema: Android 6 ni ya mwaka 2015, nani bado anayo? Wapo, hasa wazee na wanafunzi waliorithi simu za kaka zao. Lakini kundi ninalolihofia zaidi ni lingine: mwenye simu ambayo si ya zamani sana lakini Chrome yake haijasasishwa tangu ainunue. Amezima usasishaji ili bando lisiliwe, au kumbukumbu ya simu imejaa picha na video za WhatsApp. Simu inaweza, kivinjari kimelala.

Halafu kuna wa Opera Mini. Ukiiweka kwenye hali ya kubana kabisa, ukurasa unachakatwa kwanza kwenye seva za Opera, wewe unaletewa kilichokwisha kupikwa. Inaokoa bando kweli. Ila Bootstrap yenyewe inasema kwenye maelezo yake kwamba haiungi mkono vivinjari vya aina hiyo. Ile menyu ya mistari mitatu juu ya ukurasa inategemea JavaScript, na huko inaweza isifunguke. Kama namba ya simu na bei umezificha ndani ya menyu, basi umezificha kweli.

Na simu za vitufe zenye intaneti, kama Smart Kitochi ya Vodacom inayotumia KaiOS? Kivinjari cha KaiOS 2.5 kimejengwa juu ya Firefox 48 ya mwaka 2016. Hapo hata Bootstrap 5 iko nje ya ahadi yake. Kinachobaki ni CSS fupi ya kuandika kwa mkono.

Watengenezaji wa Tailwind hawajaficha lolote. Mwongozo wao wa kuhama unasema mtu anayehitaji vivinjari vya zamani abaki na toleo la 3.4. Shida ni kwamba anayebandika jibu la akili mnemba hausomi mwongozo huo. Tumeshaona, hata wenyewe wanalalamika kwamba hausomwi.

Jedwali la NECTA

Ukitaka kuona ukurasa unaovumilia simu zote, usiende Marekani. Fungua matokeo ya NECTA.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nchi nzima inakimbilia sehemu moja ndani ya saa chache. Na kurasa za matokeo, kwa miaka mingi, zimekuwa jedwali tupu la HTML: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, masomo. Hakuna fremuweki, hakuna picha zinazoteleza, hakuna madoido. Vijana wanaojifunza usanifu wa tovuti wanazicheka, na kwa sura wana haki. Kwenye kioo cha simu inabidi uvute kwa vidole viwili, usogeze kulia, usogeze kushoto, upoteze mstari wa mtoto wako, uanze upya.

Lakini zinafunguka. Android 5, KaiOS, Opera Mini, zote. Mistari michache ya CSS ya mkono ingemaliza kero ya kuvuta kwa vidole bila kuongeza uzito wa maana. Kuna kazi nyingi hapa kwetu za aina hiyo: ratiba za mabasi, ada za shule, bei za mazao, matangazo ya vikao vya AMCOS. Ni majedwali na maandishi. Hazihitaji Tailwind wala Bootstrap.

Bando la mteja

Mabishano ya fremuweki ipi nyepesi yanachosha kidogo, lakini namba zenyewe zinafundisha.

Faili ya CSS ya Bootstrap 5.3 ina zaidi ya KB 200. Ikibanwa na seva kabla ya kusafirishwa inafika kwenye simu ikiwa takribani KB 30. Tailwind inafanya tofauti: inakagua ulichotumia na kutoa hicho tu, na wenyewe wanasema miradi mingi inaishia chini ya KB 10. Wanatolea mfano ukurasa wa Netflix Top 10, ambao CSS yake inasafiri ikiwa KB 6.5. Kwa uzito Tailwind inashinda, hakuna ubishi.

Sasa chukua picha moja ya parachichi za Rungwe iliyopigwa kwa simu na kupandishwa kwenye tovuti kama ilivyo. MB 2.4 si ajabu. Hiyo ni sawa na Bootstrap 80. Watu wanakesha wakibishana kuhusu KB 20, huku ukurasa wa mbele una picha sita za namna hiyo.

Tuiweke kwa shilingi. Bei elekezi za bando za mwaka 2021 zilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Ukurasa wa MB 3 unamgharimu anayeufungua kati ya shilingi 6 na 28. Ndogo, sawa. Lakini shule yenye wazazi 800 ikiwatumia linki ya fomu ya kujiunga, kwa pamoja wametoa kati ya shilingi 4,900 na 22,400 kuona picha ya geti la shule. Ukurasa huohuo ukiwa na KB 300, hata kwa bei ya juu, mzazi analipa chini ya shilingi 3.

Kuna kosa moja la Tailwind linalofuta faida yake yote ya wepesi. Ipo njia ya kuiweka kwa mstari mmoja tu, bila kusakinisha chochote: unaita faili ya JavaScript kutoka mtandaoni na ukurasa unavaa. Akili mnemba inaipenda njia hii kwa sababu ni fupi. Tailwind wameandika wazi kwamba ni ya kujaribia tu, si ya tovuti inayotumika. Ukiiacha hivyo, kila simu inapakua cherehani nzima, halafu inashona nguo yenyewe mbele ya mteja. Simu dhaifu inachelewa, inapata joto, na kwenye Opera Mini nguo huenda isishonwe kabisa. Kama umelipia tovuti, mwambie fundi wako akuoneshe msimbo. Ukiona cdn.tailwindcss.com, kazi haijaisha.

Bando la fundi

Hili halisemwi sana. Kujenga kwa Tailwind kwa njia ya kawaida kunataka Node, npm na vifurushi vyake, na vyote hivyo vinapakuliwa. Mwanafunzi anayetumia bando la simu kuwasha laptopu anaisikia kila anapoanza mradi mpya. Ipo faili moja ya Tailwind inayojitegemea, isiyohitaji Node, lakini wengi hawaijui. Bootstrap unapakua mara moja, unaiweka kwenye flashi, unampa na mwenzako.

Kisha kuna suala la nani ataitunza tovuti. Fundi akishapata kazi Dodoma au Dar, tovuti ya zahanati inabaki na karani anayejua HTML kidogo. Akiikuta Bootstrap, anaweza kubadilisha bei na kuongeza safu kwenye jedwali. Akiikuta Tailwind, anaweza kuongeza rangi mpya na isionekane, kwa sababu hakuna aliyeendesha mtambo wa kuijenga upya. Nimewasikia mafundi wakisema hilo ni tatizo la mteja. Mteja ndiye aliyelipa, jamani.

Nguo ziko seva ya nani?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilidorora kwa siku kadhaa.

Siku kama hizo, mahali unapohifadhi CSS kunahesabika. Tovuti ikiwa kwenye seva ya ndani ya nchi lakini CSS yake inaitwa kutoka seva ya nje, mwili unaweza kufika na nguo zikakwama njiani. Mbaya zaidi, kivinjari husubiri CSS kabla ya kuonesha chochote, kwa hiyo mteja anaangalia kioo cheupe. Dawa haina gharama: faili ya CSS ikae seva moja na tovuti yenyewe. Bootstrap au Tailwind, zote zinaruhusu.

Ruaha ni Ruaha, Mwanjelwa ni Mwanjelwa

Maoni yangu hayako sawa kwa kila mtu, na hayapaswi kuwa.

Kampuni ya utalii ya Iringa inayouza safari za Ruaha na Isimila ina mteja aliye Ujerumani au Uingereza, mwenye simu mpya na intaneti ya nyumbani. Huyo anataka kuvutiwa. Tailwind 4 inamfaa, sura ya kipekee inasaidia kuuza, na picha za tembo zikibanwa vizuri hakuna wa kulalamika. Fundi anayeijua atumie bila hofu.

Mfanyabiashara wa mchele wa Kyela, muuza mbao wa Mafinga, shule binafsi ya Uyole au duka la pembejeo la Ilula wana mteja mwingine. Anafungua linki aliyotumiwa WhatsApp, akiwa ndani ya basi linalopanda Kitonga, mtandao unakuja na kuondoka. Kwa hao, ningechukua Bootstrap 5.3 kama atakayeitunza si mtaalamu, au Tailwind 3.4 kama fundi yupo na anataka sura tofauti. Na kama tovuti ni kurasa tatu tu, ningeandika CSS kwa mkono na kuachana na zote mbili. Namba ya simu ikae juu kabisa, nje ya menyu, kama linki ya kupiga moja kwa moja.

Sikubaliani na wanaosema Bootstrap ni ya kizamani na kuitumia ni aibu. Mteja hajui hata jina lake. Lakini pia sikubaliani na wazee wa kazi wanaoiona Tailwind kama fujo tu. Inamlazimisha fundi aanze na simu: darasa lisilo na kiambishi ni la kioo kidogo, na vioo vikubwa vinaanzia piseli 640. Simu ya kawaida ina upana wa piseli 360 hivi. Anayeanza kwenye laptopu halafu anaikunja tovuti iingie kwenye simu anajulikana, maana vitufe vyake vinagongana.

Kupima ni rahisi kuliko kubishana. Azima simu ya mtu mmoja nyumbani kwenu, ile ambayo kioo kimepasuka. Fungua Chrome, nenda kwenye mipangilio, gusa "Kuhusu Chrome", soma namba ya toleo. Zima Wi-Fi, washa data, fungua tovuti yako, hesabu sekunde mpaka uione namba ya simu. Kisha ifungue kwa Opera Mini. Kama tovuti ni ya kulipia, fanya hivyo mbele ya fundi kabla hujamalizia nusu ya pili ya malipo.